Mchupo: jifunze kusimama juu ya ubao wa mawimbi ukiwa bado sebuleni

Mwezi wa sita mwaka juzi, pale Kigamboni, niliamua kuhesabu. Nilikaa majini saa nzima na nikajaribu kusimama juu ya ubao mara 11. Kila jaribio, tangu viganja vigandamize ubao mpaka nipige mbizi nisiyoikusudia, lilikula kama sekunde 2. Kwa hiyo katika saa nzima ya chumvi machoni nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusimama kwa sekunde 22. Muda wote uliobaki nilikuwa napiga kafi kwa mikono, nasubiri wimbi, nakohoa, naukimbiza ubao. Fundi anayegusa cherehani sekunde 22 kwa wiki, nani atampelekea kitambaa cha sare ya harusi?

Toka siku hiyo kazi nikaihamishia nyumbani. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwama pale nilipokwama mimi: wimbi unalipata, ubao unaanza kuteleza vizuri tu, halafu pale pa kutoka tumboni kwenda miguuni ndipo mambo yanapoharibika. Kitendo hicho nitakiita mchupo, maana ndicho kinachofanyika, unachupa. Ncha ya mbele ya ubao nitaiita omo na ya nyuma tezi, kama chombo kingine chochote.

Mchupo wenyewe ukoje

Umelala kifudifudi katikati ya ubao, miguu imebanana. Unaweka viganja bapa usawa wa mbavu za chini, viwiko vimebana ubavuni. Unainua kifua, macho mbele. Kisha unasukuma kwa mkupuo mmoja, kiuno kinapanda, na katika nafasi iliyopatikana kati ya kifua na ubao unaupitisha mguu wa mbele mpaka utue pale viganja vilipokuwa. Mguu wa nyuma unatua kuelekea tezi. Nyayo zote mbili zimekaa juu ya mstari wa katikati wa ubao, zimekatiza, magoti yamekunjwa, mikono inaelea. Kwa mzoefu, yote hayo hayamalizi sekunde moja.

Rudia kusoma hapo penye neno nafasi. Mikono inaitengeneza, nyonga inaitumia. Watu wengi wakishindwa hudhani wamepungukiwa mikono, wanakwenda kunyanyua vyuma miezi mitatu, wanarudi na kifua kipana na goti lilelile linaloburuta. Ukiwa na nyonga zilizokauka, hata ukijisukuma mpaka mikono inyooke kabisa, mguu hauna pa kupitia. Utaishia kupiga goti, na ukishapiga goti wimbi limekwisha kukuacha au limekumwaga.

Mguu upi unakaa mbele

Hili lisikuchukulie muda. Mwombe mtu akusukume mgongoni bila kukuambia lini. Mguu unaotangulia kukuokoa usianguke, anza na huo uwe wa mbele. Au vaa soksi ukimbie kidogo kisha uteleze kwenye vigae, uangalie umetanguliza upi. Wengi hutanguliza wa kushoto. Wa kulia nao hauna kasoro yoyote, ila ukishachagua usibadilishe kila wiki.

Jipime kabla ya kuanza

Vua viatu, tafuta ukuta na sakafu safi.

Kipimo cha kwanza: chuchumaa mpaka chini kabisa, visigino vikiwa vimelala sakafuni, ukae hapo dakika moja huku unapumua kawaida. Bibi yangu alikuwa na miaka zaidi ya 70 na alichuchumaa hivyo kupepeta mchele huku anasimulia hadithi. Tuliokulia vyoo vya kuchuchumaa na mbuzi ya nazi tulikuwa na nyonga hizo bure kabisa, tukaja kuziuza kwa kiti cha ofisini na foleni ya Mandela Road. Visigino vikiinuka, au ukihisi unaanguka kinyumenyume, umeshaipata sehemu ya kwanza ya tatizo lako.

Kipimo cha pili ni cha kifundo cha mguu. Simama ukiukabili ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa kama sentimita 10 kutoka ukutani. Kunja goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Pima miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi haifanani, hasa kama uliwahi kuteguka ukicheza mpira.

Kipimo cha tatu: kaa mkao wa pushapu, mikono imenyooka, kisha uupeleke mguu wa mbele katikati ya viganja kwa hatua moja, polepole, bila kuuburuta na bila kuusaidia kwa mkono. Hiki ndicho kinachosema ukweli. Siku ya kwanza mguu wangu uliishia njiani, karibu na kiwiko, nikaucheka.

Mwisho, lala kifudifudi kifua kiguse sakafu, inua viganja hewani kidogo, vishushe, kisha usukume mpaka mikono inyooke. Ukifika mara 10 kwa mwili ulionyooka, mikono yako inatosha kwa kuanzia.

Andika majibu mahali. Utayarudia baada ya wiki 4.

Kulainisha nyonga na vifundo

Dakika 10 kila jioni, mwili ukiwa umeshapata joto. Ukitoka kazini, oga, tembeatembea, ndipo uanze. Mwili wa baridi haukubali kuvutwa, unajihami tu.

Anza na kuchuchumaa. Kama visigino vinainuka, weka kitabu au kipande cha ubao chini yake, na kila baada ya siku chache upunguze unene. Shika nguzo au kitasa cha mlango kama unaanguka. Lengo ni dakika 2 kwa jumla, hata kama ni kwa vipande vya sekunde 30.

Kisha piga hatua ndefu mbele, goti la nyuma liguse mkeka, usukume nyonga chini na mbele mpaka uhisi paja la mguu wa nyuma linavutika kwa mbele. Sekunde 30 kila upande, mara 2. Ukiwa hapohapo, teremsha viwiko viwili ndani ya mguu wa mbele kuelekea sakafuni. Hapa ndipo nyonga za mtu wa ofisini hulalamika, nawe usishindane nazo: fika penye mvuto, achia pumzi, subiri. Maumivu makali ndani ya kinena au ndani ya goti maana yake umepitiliza.

La tatu, kaa chini mguu mmoja ukiwa umekunjwa mbele yako kama nusu ya kukunja nne, wa pili umenyooshwa nyuma, uinamie mbele taratibu. Wanaoswali na kukaa tahiyatu kila siku huwa na ahueni ya vidole na vifundo vya mguu. Wengine tumalizie kwa kupiga magoti na kukalia visigino, vidole vimekunjwa chini, nusu dakika. Inachoma, lakini mguu wa nyuma hujisukuma kwa vidole hivyohivyo.

Mgongo wa juu usisahaulike. Ukiwa kwa mikono na magoti, weka kiganja kimoja kisogoni, ufungue kiwiko kuelekea dari, urudi, mara 8 kila upande. Mgongo usiokunjuka hauinui kifua, na kifua kisipoinuka kwanza, kusukuma kwako kunaipeleka omo chini ya maji.

Nguvu, kwa vifaa vya nyumbani

Mara 3 kwa wiki zinatosha. Pushapu zile za kuinua viganja ukifika chini, mizunguko 3 ya 8 hadi 12, ukisukuma kwa kasi na kushuka taratibu. Ubavu na tumbo: kaa kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama rula, sekunde 30 hadi 45, mara 3. Miguu: chuchumaa kisha ruka juu kidogo, mara 8, ila utue kimyakimya.

Kuna zoezi moja linalosahaulika sana. Kabla ya kila mchupo umepiga kafi kwa mikono, tena kwa nguvu zako zote. Mabega yanafika kwenye mchupo yakiwa yameshachoka. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate, ifunge kwenye nondo ya dirisha au nguzo imara, inama, uvute kwa mikono miwili kutoka mbele ya uso mpaka ubavuni, mara 15, mizunguko 3. Hii inasaidia pia kusawazisha mabega ya mtu anayepiga pushapu tu bila kuvuta chochote, ambaye baada ya muda huanza kusikia bega linamkata kwa mbele.

Mchupo mkavu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chora kwa chaki mstari sakafuni wenye urefu wa mwili wako. Huo ni uti wa ubao. Lala juu yake, weka alama viganja vinapokaa, kisha simama mkao unaotaka kuwa nao juu ya wimbi na uchore nyayo zako mbili. Upana kati yake uzidi wa mabega kidogo. Mkeka unateleza kwenye vigae, usiutumie. Sakafu tupu au zulia lililokaza ni salama zaidi. Kama una uwanja wa mchanga, vizuri zaidi.

Wiki ya kwanza fanya vipande, kwa upole. Kifua juu, simama hapo. Sukuma, simama hapo. Pitisha mguu, simama hapo, uangalie umetua kwenye chaki au umetua nchi jirani. Mara 10 asubuhi, 10 jioni. Kasi bado.

Wiki ya pili unganisha. Sasa viganja vinaondoka sakafuni wakati mguu unafika, kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Nilipoanza kuunganisha nilikuwa natua kwa kishindo, ghorofa ya pili, saa 2 usiku. Jirani wa chini akagonga mlango: “Shemeji, samahani, hivi mnatwanga nini huko juu?” Nikamwomba radhi, lakini alikuwa amenipa kipimo bora kuliko simu yangu. Ukitua kwa kishindo, uzito wote umeshuka kwa mara moja. Juu ya maji, kishindo hicho kinaukandamiza ubao na unapoteza mwendo uliouhangaikia. Toka hapo nikawa nachupa kwa sharti moja, jirani asisikie. Sharti hilo lilinilazimisha kukunja magoti, kukaza tumbo na kuushusha mguu badala ya kuutupa.

Wiki ya tatu ongeza kushtukizwa. Baharini huchupi unapotaka wewe, unachupa wimbi linapotaka. Lala kwenye mstari, piga kafi hewani, na mtu aliye nyuma yako aseme “haya!” muda wowote apendao. Binti yangu mwenye miaka minane aliifanya kazi hii kwa ukatili mkubwa. Wiki ya nne tanguliza tyubu, vuta mpaka mabega yawake moto, ndipo uchupe mara 5. Goti likianza kugusa chini, simamisha zoezi hapo. Ukiendelea unaufundisha mwili kosa.

Angalau mara moja kwa wiki jirekodi kwa simu kutoka ubavuni, simu ikiwa chini usawa wa sakafu, kisha uangalie taratibu. Usijilinganishe na mabingwa. Mchezo huu uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, mwaka 2021, na mwaka 2024 mashindano yake yalifanyika Teahupo'o, Tahiti, kwenye wimbi lililosimama kama ukuta, ambako mtu anachupa huku ubao unaporomoka. Ni burudani ya kutazama, lakini si darasa lako. Tafuta picha za watu wanaopanda mbao ndefu kwenye mawimbi madogo, hapo utaona miguu inakwenda wapi.

Kama nyonga bado hazijakubali

Kuna njia ya hatua tatu na haina aibu yoyote, hasa ukiwa umevuka miaka 40, una kitambi, au ubao wako ni mrefu. Inua kifua. Kunja mguu wa nyuma kwa kando, uweke unyayo wake chini karibu na goti la mwenzake. Sasa kiuno kimeshapanda chenyewe, na mguu wa mbele una mlango mpana wa kupita. Ni polepole kidogo, lakini kwenye ubao wa futi 9 muda upo. Kinachokatazwa ni kupiga magoti yote mawili kisha kusimama kama mtu anayetoka kwenye maombi. Mazoea hayo hayaachiki.

Kuingia majini

Pwani yetu sehemu nyingi imezuiwa na miamba, kwa hiyo wimbi zuri la kujifunzia hupatikana pale penye uwazi na mchanga, tena kwa saa zake. Msimu ni wa kusi, hasa mwezi wa sita hadi wa tisa. Nenda alfajiri, kabla upepo haujakaza na kuyavuruga maji. Angalia kupwa na kujaa: maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumamosi hii haitakufaa Jumamosi ijayo. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mwamba uliokuwa chini sana saa 12 asubuhi unaweza kuwa chini ya goti lako saa 4. Waulize wavuvi wa hapo kuhusu miamba na mkondo unaovuta kwenda nje. Usiingie peke yako, funga kamba ya mguu inayokuunganisha na ubao, na kama hujui kuogelea anza na hilo kwanza.

Ubao uwe mkubwa na laini, futi 8 au 9. Simama maji ya kiunoni, subiri wimbi lililokwisha kuvunjika likaja kama povu. Geuka, lala, hakikisha omo imeinuka vidole vitatu vinne juu ya maji. Ikizama, rudi nyuma kidogo. Ikielekea mbinguni, sogea mbele. Povu litakapoinua tezi utatamani kuchupa papo hapo. Usichupe. Piga kafi mbili zaidi, usikie ubao unaondoka wenyewe, ndipo viganja vishuke. Siku zangu nyingi zilipotea kwenye kafi hizo mbili nilizokuwa nazidhulumu.

Viganja viwe bapa juu ya ubao. Ukikumbatia kingo, ubao unayumba kila unaposukuma, na viwiko vinafunguka nje, nguvu inavuja.

Kosa langu la mwisho kuondoka liligunduliwa na kijana mmoja, hajafika hata miaka 18, aliyekuwa kakalia ubao wake pembeni akinitazama nikianguka mara ya sita.

“Shikamoo mzee. Samahani, kwani umedondosha hela?”

“Marahaba. Hapana, kwa nini?”

“Kila ukisimama unaangalia chini.”

Akanionyesha mnazi mmoja ufukweni, umeinama kidogo kuliko wenzake. “Simama unauangalia ule. Miguu itajijua.” Na kweli, kichwa ni kizito; kikiinama, mabega yanafuata, na mwili mzima unafuata. Wimbi lililofuata nilisimama mpaka mapezi ya chini ya ubao yakakwaruza mchanga.

Ukianguka, anguka kwa upana, kama unajitupa kitandani, usitangulize kichwa wala miguu, na ukiibuka tanguliza mkono juu ya kichwa kwa sababu ubao unakutafuta.

Wiki yako iweje

Mimi najipangia hivi: kulainisha kila jioni, nguvu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mchupo mkavu kila siku mara 20 isipokuwa siku ya kwenda baharini, ambapo nafanya 5 tu mchangani kuuamsha mwili. Ukikosa siku, usilipie kesho yake kwa kufanya mara 40. Vifundo vya mikono vikiuma, fanya pushapu kwa ngumi siku chache. Mbavu kuwa na michubuko mwanzoni ni kawaida, vaa fulana ya kubana. Bega linalouma usiku, au mgongo unaotuma maumivu mguuni, si jambo la kunyooshwa kwenye mkeka, nenda ukaonwe.

Ukifika mahali ambapo nyumbani unachupa mara 20 kati ya 20 bila jirani kusikia, lakini majini bado unaanguka, acha kuongeza pushapu. Shida ipo kwenye kafi zako au kwenye ubao. Wengi tukishaonja kusimama mara mbili tatu tunakimbilia ubao mfupi, ambao unachelewa kushika wimbi na hivyo unakupa muda mdogo zaidi wa kuchupa. Mimi nimenunua wa futi 6 na nusu, nikauweka nyuma ya mlango, na nimerudi kwenye ule wa futi 8. Binti anautumia ule mfupi kuanikia taulo.